Biblia ya Mama Hufunguka Pale Pale

Machi 4

Mzee Gundi amenipa daftari hili bure. Si ukarimu. Jalada lilibandikwa kichwa chini, mteja akalikataa, basi ukilifungua kwa mbele unajikuta nyuma. Nikamwambia linanifaa sana, na mimi ndivyo nilivyo. Hakucheka. Tangu nianze kushona vitabu kwenye karakana yake sijamwona akicheka kabla ya chai ya asubuhi.

Mvua imeanza. Gundi itatutesa mpaka Juni.

Machi 6

Nilimsindikiza Dada hospitali. Daktari, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimpa glasi ya maji, akamwekea vidole shingoni, akamwambia ameze. Uvimbe ukapanda, ukashuka.

"Unalala vipi, mama?"

"Nakaa."

"Nimeuliza unalala vipi."

"Ndiyo nakwambia, nakaa. Nikilala chali nakabwa."

Daktari akasema goita, uvimbe wa tezi ya shingo, imeanza kubana njia ya hewa. Imeshapita hatua ya vidonge, sasa ni kuitoa. Daktari bingwa wa upasuaji atakuja wiki ya tatu ya Mei, na akiondoka ni mpaka mwakani. "Na mwakani ni mbali kwa shingo hii," akasema.

Dada aliuliza swali moja tu: "Na sauti?"

Daktari hakumdanganya. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi hiyo hiyo. Wengi hutoka salama, wengine sauti hukwaruza kwa muda, wachache haiwarudii.

Dada ndiye mwanzishaji wa nyimbo kanisani kwetu. Mume alimzika, mtoto wa kumzaa hakujaliwa, mimi mdogo wake alinilea baada ya Mama kufa. Lakini muulize mtu yeyote mtaani Dada ni nani, atakwambia ni yule mwenye sauti. Alimshukuru daktari, akajifunga kitambaa chake shingoni, tukaondoka.

Machi 7

Amepiga kidole. Nilijua tu atapiga.

Nieleze, ingawa sioni nani atasoma daftari lililopinduka. Kupiga kidole ni jambo tulilorithi kwa Mama. Unaomba, unafumba macho, unaiacha Biblia ijifungue yenyewe, unashusha kidole. Mstari kinaouangukia ndilo jibu lako. Huo tu. Hupandi juu, hushuki chini, wala hugeuzi ukurasa, maana huko ni kumwongezea Mungu maneno. Dada huuliza kila kitu. Mwaka juzi aliuliza kama auze kabati, kidole kikaangukia wale watu wa zamani walioishi miaka mia tisa, basi kabati likabaki. Mpaka leo linatubania mlango.

Leo asubuhi ilifunguka kwenye Kutoka, wana wa Israeli wamefika baharini na jeshi la Farao liko nyuma yao. Kidole kikaangukia mstari wa mwisho wa ukurasa, pale wanapoambiwa kwamba Mungu atawapigania, na wao watanyamaza kimya.

"Umesikia?" Dada akasema. "Nitulie, atapigana mwenyewe. Nikienda kule, nitanyamaza."

"Hapo pamesema ukienda?"

"Pamesema kimya. Wewe kimya hukielewi kwa sababu hujawahi kukaa kimya."

Hilo ni kweli, nikaliacha.

Machi 8

Mvua.

Machi 10, Jumapili

Aliimba. Watu hawakugundua kitu, ila mimi niliona anavyoiba pumzi katikati ya ubeti. Baada ya ibada, yule mama anayesimama kushoto kwake kwenye kwaya, tunayemwita Sauti ya Pili kwa sababu tangu usichana wake hajawahi kuimba nyingine, alimkumbatia akamwambia: "Usikubali kisu, dada yangu. Neno likishatoka limetoka."

Kumbe Dada alishamfungulia moyo, na mimi ninayelala chumba cha pili nilichopata ni hadithi ya kimya. Nilikasirika.

Machi 15

Amepiga tena. Pale pale. Ni mara ya tatu wiki hii.

"Mara tatu!" akasema. "Wewe unataka akwambie kwa tarumbeta?"

Nikamweleza jambo ambalo mshona vitabu yeyote analijua. Kitabu hufunguka kilipozoea. Mama aliusoma ukurasa ule mpaka siku aliyokufa. Kingo zake zimeingia weusi wa vidole vyake, na mgongo umevunjika pale. Hata ukiidondosha sakafuni itafunguka baharini.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Na nani aliyemfanya Mama asome pale?"

Jibu nimelitafuta siku nzima huku nashona madaftari ya shule.

Machi 19

Nilikwenda kwa Mchungaji. Nilimkuta anahangaika na kipaza sauti kilichoingia maji. Nikamweleza yote. Akasema vizuri sana, kwamba Mungu ametupa akili, na madaktari pia ni wake.

"Basi mwambie Dada hivyo hivyo."

Akakiweka kipaza sauti chini. "Nikimwambia nenda, akarudi hana sauti, nitasimama wapi?"

"Kwa hiyo na wewe unangoja kidole."

Mwingine angenifukuza. Yeye alikaa, akafuta mikono. "Mungu hatuchagulii kila kitu kama mama anavyomchagulia mtoto nguo," akasema. "Hilo nitalihubiri Jumapili yoyote. Lakini nikienda kumwambia dada yako peke yake, ataona mimi ndiye nimemchagulia. Ataacha kukisikiliza kidole, aanze kunisikiliza mimi. Sasa hapo nimemsaidia nini?"

Niliondoka nimenuna. Nilimwona mwoga. Nilipofika nyumbani nilikuwa bado nayatafuna maneno yake, jambo lililozidi kuniudhi.

Machi 26

Paa limevuja, juu ya rafu hasa. Biblia ya Mama imelowa, mgongo umebanduka wote, mafungu ya kurasa yananing'inia kwenye uzi. Dada alilia. Hospitali hakulia, kwa Biblia akalia.

Nikamwambia nitaishona upya. "Maneno usiyaguse," akasema. Nikamwambia siyagusi, nagusa uzi na gundi. Nikamshauri kwa sasa atumie ile ndogo ya kwaya, iko mezani, nzima kabisa. Akasema ile ni ya kusomea, si ya kuulizia.

Aprili 2

Nimeifumua. Nilikata uzi wa zamani, nikatenganisha mafungu, nikasugua gundi iliyooza. Nilipofika kwenye bahari nikageuza ukurasa, kwa sababu kazi ni kazi, huwezi kusafisha upande mmoja.

Mstari wa kwanza kabisa nyuma yake, Mungu anamuuliza Musa mbona unanililia mimi, waambie watu waendelee mbele.

Nilisimama na brashi mkononi mpaka gundi ikadondokea kiatu. Mchana sikula, nilikimbia nyumbani na mvua yote ile.

"Dada! Nyuma ya ukurasa wako anawaambia waende!"

"Kidole hakikugeuza."

"Lakini ni Musa aliyewaambia wasimame. Mungu mwenyewe alipofungua kinywa alisema waende!"

"Wewe umeanza lini kumsahihisha Musa?"

"Dada, ni karatasi ile ile!"

"Rudi kazini," akasema. "Unalowesha sakafu."

Aprili 5

Gundi haikauki.

Aprili 6

Haikauki. Dada anatembea nyumba nzima kama mtu aliyepoteza funguo.

Aprili 9

Nilimuuliza Mzee Gundi, kwa kuzungukazunguka, kama kitabu kinaweza kufundishwa mahali pa kufungukia.

"Kirahisi," akasema. "Gundi ikiwa bado mbichi, kifungue unapotaka, kandamiza, rudia. Kikikauka hakisahau." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Cha nani?"

"Cha mteja."

"Mteja ameomba?"

Nikajifanya natafuta sindano.

Nimefikiri hivi. Kama kidole cha Dada kinaongozwa, gundi yangu kwa nini isiongozwe? Mungu aliwahi kumtumia punda kumwonya nabii. Mimi namzidi punda, kidogo. Ila punda yule hakupanga.

Aprili 16

Nimefanya.

Nilimchagua Naamani, yule jemadari mwenye ukoma aliyeambiwa aende akajichovye mtoni, akaenda, akapona. Ukurasa wote ni wa mtu kwenda kutibiwa, nikaona kidole kitue popote hakitakosea. Nikaifungua pale gundi ikiwa bado inanata, nikakandamiza kwa kiganja, nikafunga, nikafungua tena, mpaka ikawa inakwenda yenyewe. Kisha nikaitia kwenye kibanio.

Nilitaka kuomba kwanza. Sikuomba. Niliogopa kujibiwa.

Aprili 20

Nimemrudishia. Aliinusa, akasema inanuka karakana. Akanishukuru kwa namna ambayo ilinifanya nitoke nje kuangalia kama mvua imekatika, nayo haikuwa imekatika.

Aprili 21, Jumapili

Baada ya ibada alikaa mezani, akaomba, akafumba macho. Mimi nilikuwa namenya viazi. Biblia ikafunguka Naamani kama mlango uliotiwa mafuta. Kidole kikashuka.

Akafumbua macho, akasoma kwa sauti: Naamani akakasirika, akaondoka.

Akaifunga. "Umeona? Jemadari mzima. Kaambiwa aende, akakataa, akajiondokea zake."

"Alirudi!" nikasema. "Endelea chini, Dada! Alirudi, akajichovya, akapona!"

"Chini siendi, unajua."

Nikatupa kisu kwenye beseni. "Nimekufungulia mimi! Mimi ndiye niliyeifundisha kufunguka pale! Siyo Mungu, ni gundi!"

Akaitazama Biblia. Akanitazama mimi. "Umemsemea Mungu," akasema polepole.

"Kwa sababu wewe unamsikiliza mahali anaposema unachokitaka tu!"

Jirani alizima redio ili asikie vizuri. Dada aliinuka, akaichukua Biblia, akaingia chumbani kwake. Viazi viliungua. Nilikuwa na hasira, na aibu, na chini ya hayo yote nilikuwa na woga kwamba sasa nimeharibu kabisa.

Aprili 22

Haongei nami.

Aprili 23

Haongei. Chai nimejipikia.

Aprili 27

Haongei. Anayeongea ni koo lake. Pumzi inapiga filimbi hata akiwa ameketi, naisikia kupitia ukutani ninapoamka.

Mzee Gundi aliniuliza yule mteja amekipokea vipi kitabu chake. Nikasema vibaya. Akasema, "Mm," akaenda kunywa chai.

Mei 3

Mazoezi ya kwaya, nami nikamfuata kwa nyuma. Dada alikatika pumzi kwenye ngazi za kanisa. Alishika ukuta, mdomo wazi, macho yamemtoka, hewa haiingii. Sauti ya Pili alimkamata kiunoni akawa anamwambia, "Vuta, dada, vuta, vuta." Ilipopita, wote watatu tulikaa pale kwenye ngazi na mvua inatunyeshea. Habari za kisu Sauti ya Pili hakuzitaja.

Mei 8

Dada ameongea.

Nilimkuta jikoni asubuhi, ameshapika chai ya watu wawili. Biblia zote mbili ziko mezani, ya Mama na ile ndogo ya kwaya.

"Kaa," akasema. "Wewe unadhani sikujua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba ya Mama hufunguka pale pale. Nimeishika tangu siku ile nilipoitoa mikononi mwake. Nilikuwa najua jibu kabla sijafumba macho." Akaisogeza ile ndogo kwa kidole. "Kama ningetaka kuuliza kweli, ningeuliza kwa hii, ambayo haina mazoea na mtu."

Nikakiweka kikombe changu chini.

"Niliogopa, mdogo wangu. Nikitoka kule sina sauti, mimi nitakuwa nani? Mjane mwenye kovu. Nikataka Mungu akatae, ili nisiwe mimi niliyekataa."

"Na mimi nilitaka akubali," nikasema, "ili nisiwe mimi niliyekulazimisha. Nisamehe, Dada."

"Basi tumemchosha wote wawili," akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya na Biblia ya Mama. Alivaa miwani, akafungua kwa macho mawili, akatafuta Kutoka ukurasa baada ya ukurasa, akafika baharini. Akalowesha kidole ulimini, akageuza. Akasoma. Akarudi nyuma, akasoma tena kwa pamoja, kisha akaendelea mpaka mwisho wa habari.

"Ona," akasema. "Waliambiwa waende na maji bado yapo. Bahari iligawanyika baadaye."

"Kwa hiyo unakwenda?"

"Nakwenda. Ila usidhani ni mstari huu ulionituma, wala wewe. Niliamua pale kwenye ngazi. Simuulizi tena niende au nisiende. Nimemwambia naenda, naomba tuongozane. Akitaka kunizuia hashindwi njia, hahitaji kitabu kilichoshonwa na wewe."

Mei 14

Mvua. Amefungasha begi.

Mei 21

Walimwingiza asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la korido, na baadaye Mchungaji akaja akakaa pembeni yangu. Hakuomba kwa sauti, nikamshukuru kimoyomoyo.

"Sikumwambia," akasema.

"Najua."

"Juzi alikuja mwenyewe, akaniambia ameamua. Sijawahi kumsikia akianza sentensi hivyo."

Nikaona kwamba yule niliyemwita mwoga alikuwa amekaa Machi nzima na Aprili nzima akingoja hilo, na kungoja kumemkondesha. Nikampa nusu ya mkate wangu.

Daktari alitoka akasema goita imetoka yote, kubwa kama ngumi, na njia ya hewa iko wazi.

Mei 23

Sauti haipo.

Kinachotoka ni mnong'ono, kama kitambaa kinachosuguana na kitambaa. Daktari anasema mshipa haukukatwa, umechoka tu. Huenda ukaamka baada ya miezi, huenda usiamke.

Nilitoka nyuma ya hospitali, penye matangi ya maji, nikalia. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Iliandikwa watanyamaza kimya, na kweli Dada amenyamaza. Mimi niliruka ukurasa huo, nikasukuma, nikapiga kelele, na kimya kilikuwa kinatusubiri mlangoni. Sijui kama lilikuwa onyo au ni shingo tu na kisu. Nimejaribu kuamini yote mawili na yote yananiumiza.

Mei 26, Jumapili

Sauti ya Pili alikuja wodini moja kwa moja kutoka ibadani. Alisimama miguuni pa kitanda. Dada akamsalimia, midomo ikacheza, hakuna kitu.

"Si aliambiwa?" Sauti ya Pili akanigeukia. "Si aliambiwa atanyamaza?"

Nilishaanza kuinuka kumtoa nje. Dada akanivuta nguo, akaninong'oneza sikioni.

"Anasema," nikasema, "jana amelala chali."

"Chali?"

"Chali. Mpaka asubuhi."

Yule mama akakaa kitandani pu, akajifunika uso, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alipotulia akasema leo hakuna aliyeanzisha wimbo. Watu walisimama wakitazamana. Akajaribu yeye, akaanza juu mno, wote wakakwama ubeti wa kwanza. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote ule hakuwa anailinda imani ya Dada. Alikuwa anaogopa kuimba bila mtu wa kumfuata.

Dada akanong'ona. "Anasema anza chini," nikatafsiri. "Watakufuata."

Nimemchukia mama huyu tangu Machi. Leo nimemtafutia chai.

Juni 2, Jumapili

Dada alikaa kiti cha mbele, kovu wazi, bila kitambaa. Aliinua mkono, Sauti ya Pili akaanza. Sitaandika kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa bado juu. Lakini ilifika mwisho.

Juni 6

Jua. Gundi inakauka kabla hujapuliza. Mzee Gundi alicheka asubuhi, kabla ya chai, sijui kwa nini. Nilipomuuliza akarudi kununa.

Juni 9

Sauti bado. Jana ilitoka "e" moja, akiwa ameunguzwa na sufuria, tukafurahi kupita kiasi.

Leo alinipa Biblia ya Mama akaninong'oneza nimtilie utepe, ule wa kuweka alama ya mahali.

"Wa nini?"

"Nimeanza kuisoma," akasema. "Kutoka mwanzo. Nataka nijue nilipoishia ili kesho niendelee."

Nikampelekea tepe mbili kutoka karakana, nyekundu na bluu, nikazilaza mezani mbele yake. "Chagua."

Akafumba macho, akanyoosha kidole.

"Dada!" nikapiga kelele.

Mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti, mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafumbua macho, akaziinua tepe zote mbili dirishani, akazitazama kwa muda mrefu, akachukua nyekundu.